Manjano yamepauka? Angalia ulipoyaweka

Mama mmoja, mteja wetu wa siku nyingi, alirudi dukani na chupa ya manjano yaliyopauka. "Jamani, siku hizi mnatuchanganyia unga wa sembe?" Tukamuuliza anayaweka wapi. Dirishani, kwenye chupa ya kioo, jua la asubuhi likiyapiga kila siku.

Unga haukuwa na kosa. Kila anayefua analijua hili: doa la mchuzi wa manjano kwenye kanzu hugoma kwa sabuni (tena hugeuka jekundu), lakini ukiianika kanzu juani doa hufifia lenyewe. Rangi ile ni kurkumini, na mwanga huivunja.

Sasa, kurkumini ndiyo hiyo hiyo inayosifiwa kuwa antioksidanti, yaani kitu kinachozituliza chembe haribifu mwilini. Mwili unapochoma chakula kupata nguvu, huzaliwa chembe zilizopungukiwa elektroni, nazo hunyang'anya kwa jirani yeyote: mafuta ya seli, protini, hata vinasaba. Kurkumini hutoa haidrojeni yake, chembe ikatulia. Kwa hiyo manjano yaliyopauka hayajapoteza sura tu.

Na kurkumini yenyewe si nyingi. Gramu 100 za unga huwa na kurkumini gramu 2 hadi 5 hivi, basi ukiiachia jua unabaki na nini? Ndiyo maana tunafungasha kwenye makopo yasiyopitisha mwanga, na tunapenda zaidi kukuuzia mizizi mikavu mizima (wataalamu watasema ni shina la chini ya udongo, sawa) usage kidogo kidogo mwenyewe.

Wengi huyakoroga manjano kwenye maji ya moto. Kurkumini haiyeyuki vizuri kwenye maji. Tazama inavyotuama chini ya glasi. Inataka mafuta. Mpishi wa mchuzi wa nazi hana la kujifunza hapa, labda aongeze pilipili manga, kwani piperini yake (ndiyo inayoipa ukali) huchelewesha mwili kuitoa kurkumini.

Tusidanganyane, hatuuzi dawa. Kinachofanyika kwenye chupa ya maabara hakifanyiki vile vile tumboni, maana kurkumini inayofika kwenye damu ni kidogo sana. Na kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarini, au una mawe kwenye nyongo, muone daktari kabla ya kuanza kunywa manjano kwa vijiko.

Yule mama aliondoka na robo kilo ya mizizi mikavu. Kopo alisema analo, la maziwa ya unga.