Tunabishana kuhusu nguo, mkao wa mwanamke kwenye matangazo hatuuoni

Ndugu Mhariri,

Kila unapozuka mjadala kuhusu picha za wanawake kwenye matangazo ya biashara, hoja huishia kwenye urefu wa sketi na upana wa shingo ya gauni. Sikatai kwamba mavazi yana uzito wake, lakini tunaliacha jambo kubwa zaidi lipite bila kuulizwa, nalo ni namna mwanamke anavyokalishwa, anavyosimamishwa na anavyoelekezwa macho yake mbele ya kamera. Mwanamitindo aliyevaa baibui anaweza kupangwa katika mkao unaomdunisha kuliko mwenzake aliyevaa suruali ya kubana.

Mwanasosholojia Erving Goffman, ambaye uchambuzi wake wa mamia ya picha za matangazo ulitoka kama kitabu nchini Marekani mwaka 1979, aliyaeleza mapozi haya moja baada ya jingine: mwanamke ameinamisha kichwa upande, amekunja goti moja, amelala kwenye kochi ilhali mwanamume amesimama, anaipapasa bidhaa kwa ncha za vidole badala ya kuishika, na macho yake yako mbali kana kwamba yanayoendelea hayamhusu. Mwanamume aliye kando yake hushika, huelekeza na hutazama mbele. Goffman alishauri kwamba anayetaka kuliona jambo hili vizuri awabadilishe mawazoni, mwanamume akae alipo mwanamke.

Nawaomba wasomaji wafanye hivyo kwa mabango ya barabarani kwetu. Mwanamke tunayemfahamu kama wakala wa fedha kwa simu huhesabu noti haraka akimtazama mteja usoni, na muuza mchele sokoni hunyanyua debe kwa mikono miwili. Akifika kwenye bango, mwanamke huyohuyo anashika simu kwa vidole viwili, shingo imepinda, anacheka huku ameziba mdomo. Mpe mwanamume pozi hilo na kila mpita njia atashangaa. Lawama hii simpi mwanamitindo, maana yeye hufuata maelekezo ya mpiga picha, na mpiga picha hutimiza matakwa ya kampuni inayomlipa.

Najua atatokea wa kusema kwamba kuinamisha macho ni adabu yetu, na kwamba miongoni mwa Wasukuma, kwa mfano, mwanamke hupiga goti anapomsalimia mkubwa. Desturi hiyo naiheshimu. Hata hivyo, goti hilo hupigwa mbele ya mtu anayejulikana, kwa sababu inayojulikana, na salamu ikiisha mwanamke husimama na kuendelea na shughuli zake, wakati kwenye bango ameinamishwa mchana na usiku mbele ya maelfu ya watu asiowajua ili sabuni iuzike. Hiyo haiwezi kuitwa adabu.

Wenzetu wa Uingereza wana kanuni inayozuia matangazo yenye dhana potofu zenye madhara kuhusu jinsia, iliyoanza kutumika Juni 2019. Agosti mwaka huohuo lilipigwa marufuku tangazo la gari la umeme la Volkswagen lililoonyesha wanaanga wanaume na mwanariadha mwenye mguu wa bandia akiruka, ilhali mwanamke mmoja alikuwa amelala kwenye hema na mwingine ameketi kando ya kigari cha mtoto. Hapakuwa na nguo ya kulalamikiwa humo. Kilichoangaliwa ni nani anatenda na nani ametulia.

Sisi nasi tuna pa kuanzia. Ibara ya 13 ya Itifaki ya Maputo ya mwaka 2003, yaani mkataba wa Umoja wa Afrika kuhusu haki za wanawake, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2007, inazitaka nchi kuchukua hatua za kisheria na za kiutawala kuzuia unyonyaji na udhalilishaji wa wanawake katika matangazo. Naziomba mamlaka zinazosimamia maudhui zitamke wazi kwamba udhalilishaji huo unahusu pia mkao wa mwili, na gazeti lenu, ambalo nalo hupokea matangazo ya kulipiwa, liyakague kwa jicho hilo kabla ya kuyachapisha.

Msomaji wenu,
Mwanza