Ua ambao wanyama watauacha

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Umeniuliza upande ua, yaani uzio wa mimea, wa mmea gani ili wanyama wasiuguse. Mmea usioguswa kabisa haupo. Kiangazi kikishika, mwenye njaa huonja hata kilicho kichungu. Iliyopo ni mimea inayoachwa hadi mwisho, na ili uipate lazima kwanza umjue mlaji wako.

Kabla ya kununua mche wowote, inama uangalie vijiti vilivyoliwa. Kijiti kilichokatwa mshazari, safi kama kwa kisu, ni kazi ya sungura. Kilichochanika, nyuzi za gome zikining'inia, ni cha paa au swala: hao hawana meno ya mbele ya juu, kwa hiyo huvuta na kuchana.

Wengi hukimbilia miiba. Mimi siiamini sana. Mdomo mwembamba wa swala hupita katikati ya miiba na kuchomoa jani moja moja, tena chipukizi hutoka likiwa laini na mwiba hukomaa baadaye. Ua wa miiba huliwa hasa ukiwa mchanga, wakati ambao ndio unahitaji kukua.

Kinachofukuza kweli ni utomvu na harufu. Kwa mpaka wa mbali, chagua minyaa, ile yenye utomvu mweupe. Kata vipandikizi vya sentimeta 20 hadi 30, uviweke kivulini siku kadhaa mpaka jeraha likauke, ndipo uvipande kwa nafasi ya sentimeta 30. Ukivichomeka vibichi, vingi huoza, hasa udongo ukiwa na maji. Vaa glavu na miwani, maana utomvu wake ukiingia jichoni huleta madhara makubwa. Mbono kaburi nao hauliwi majani, lakini mbegu zake ni sumu na watoto huzidhania karanga, basi penye watoto usiupande. Oleanda, kile kichaka cha maua, iache kabisa kama unafuga: sumu yake hugusa moyo na haipotei jani likikauka, na mbuzi anaweza kula matawi uliyopogoa na kuyaacha chini.

Karibu na nyumba, rozimari, kichaka chenye majani ya harufu kali, inatosha. Inataka jua na udongo usiotuamisha maji. Ipogoe mara kwa mara kwenye sehemu yenye majani tu. Ukikata hadi kwenye sehemu ngumu ya zamani isiyo na jani, tawi hilo kwa kawaida halichipui tena na ua unabaki na pengo.

Sasa jambo ambalo watu hulisahau, Rehema. Mche uliotoka kitaluni umenyweshwa na kulishwa vizuri, kwa hiyo ni mtamu kuliko ndugu yake aliyekulia porini. Hata aina ngumu huliwa katika hali hiyo. Usiongeze mbolea yenye naitrojeni nyingi, maana huzaa machipukizi laini ambayo ndiyo wanayoyatafuta. Zungushia wavu wa waya mpaka mimea ikomae. Kwa sungura, matundu yasizidi sentimeta 2.5, kimo kiwe kama sentimeta 90 juu ya ardhi, na chini uzike sentimeta 15 au zaidi, ukingo ukiwa umepindwa kuelekea nje, la sivyo atachimba apite. Swala huruka, kwa hiyo kwake kimo hicho hakitoshi. Wavu wake uwe mrefu zaidi ya huo kwa kiasi kikubwa.

Na usipande mstari mzima kwa mkupuo. Weka miche miwili mitatu ya kila aina bila wavu, pale pale wanapopita, uiache mpaka kiangazi kiishe. Itakayobaki na majani ndiyo ya kununua kwa wingi. Niandikie umeona meno ya nani, nikuambie nafasi na mistari kulingana na huyo.

Rafiki yako,
Zainabu