Spina kwa maji yenye tope

Mhariri,

Naomba nafasi niwashauri wanaovua besi, samaki aliyeletwa Ziwa Naivasha kutoka Marekani katika miaka ya 1920, kuhusu uteuzi wa spina, yaani chambo bandia chenye kibamba cha chuma kinachozunguka kikivutwa majini. Maji yanapokuwa na tope, kibamba cha mviringo hufaa zaidi, kwa kuwa husukuma maji kwa nguvu na samaki huuhisi mtetemo kabla hajakiona chambo. Kile chembamba chenye umbo la jani, ambacho wauzaji hupenda kukisifu kwa mng'aro wake, nakiona ni cha maji maangavu. Waya uliokunjwa huikinga ndoano isinase kwenye mafunjo, hivyo chambo kivutwe kando yake polepole, ilimradi kibamba kisiache kuzunguka.

Mvuvi, Naivasha