Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Hali ya Chama na Maombi ya Ruzuku

Mheshimiwa Mlezi wa chama, wajumbe wa Kamati Tendaji, wazee wetu wa Ngamiani, ndugu wanachama, assalaam aleikum, Tumsifu Yesu Kristo.

Kwanza nawaomba radhi waliofika saa tatu kamili kama barua ilivyosema. Tumesubiri akidi hadi saa tano kasorobo. Chama chetu cha michezo kina wanachama 118 na waliosaini daftari leo ni 43. Timu ikicheza Mkwakwani hatukosi watu, lakini siku ya kuzungumzia chama viti vinabaki vitupu. Jambo hili linaniumiza, na nimeona niliseme mbele yenu.

Shughuli za mwaka mnazifahamu. Timu ya wakubwa imemaliza ligi ya wilaya nafasi ya tano, netiboli wamecheza mabonanza mawili, na watoto wamefanya mazoezi kila Jumamosi na Jumapili katika uwanja wa shule kwa hisani ya mwalimu mkuu. Tumezika wanachama wawili, Mungu awarehemu, na rambirambi zilifika kwa wakati.

Mapato yalikuwa shilingi 3,860,000: ada 1,180,000, michango ya mechi 940,000, Mlezi wetu 1,000,000 na salio la mwaka jana 740,000. Matumizi ni 3,715,000. Mchanganuo anao mhazini, na anayetaka kuuona akauone, haufichwi.

Sasa nije kwenye jambo lililosemwa sana vijiweni na kwenye grupu la WhatsApp, yaani uamuzi wa Kamati wa kutopeleka timu kwenye ndondo, yaani mashindano ya soka ya mitaani, mwaka huu na kutumia shilingi 1,350,000 kwa usajili, marekebisho ya katiba na ukaguzi wa hesabu. Nimeitwa mwenyekiti wa makaratasi. Wachezaji watatu wametuacha wakaenda timu nyingine, na najua mmoja wao ni kijana tuliyemlea tangu akiwa na miaka kumi. Uamuzi ule niliuongoza mimi, kwa hiyo maelezo nayatoa mimi.

Mwaka juzi niliandika barua ya kwanza kwa mfadhili. Jibu lilikuja na maswali manne. Hati ya usajili iko wapi? Katiba? Hesabu zilizokaguliwa za miaka miwili? Akaunti ya benki kwa jina la chama, yenye watia saini zaidi ya mmoja? Hatukuwa na hata kimoja. Fedha zetu zilikaa kwenye simu ya mhazini. Ni mwaminifu, namshuhudia, lakini uaminifu wa mtu hauambatanishwi kwenye andiko la mradi. Sheria ya Baraza la Michezo la Taifa, namba 12, ipo tangu mwaka 1967 na inataka vyama na vilabu visajiliwe. Sisi miaka yote tulicheza kwa jina la mtaa tu. Maombi yanapitia kwa Afisa Michezo wa halmashauri kabla ya kufika kwa Msajili wa vyama na vilabu vya michezo, na nimepanda ngazi za ofisi ile mara saba. Safari mbili za Dar es Salaam nimelipa nauli mwenyewe, na sikuidai.

Wapo waliouliza kwa nini tuhangaike na wafadhili wadogo ilhali FIFA imejenga kituo cha ufundi hapa hapa Tanga, Mnyanjani. Ndugu zangu, fedha za mpango wa FIFA Forward hupitia mashirikisho ya mataifa. Zilifika Mnyanjani kwa mkono wa TFF, shirikisho la soka la nchi yetu. Klabu ya mtaa haiandiki barua Zurich, makao makuu ya FIFA, ikajibiwa.

Wengine walitaka tuchukue fedha za asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Zile ni mikopo: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Haina riba, ni kweli, lakini hurejeshwa. Kikundi cha kushona au cha bodaboda kina cha kuuza. Sisi tutarejesha kwa kuuza nini, magoli? Nilikataa, na leo ningekataa tena.

Baada ya usajili tuliomba shilingi 28,000,000 za uzio, vyoo na chumba cha wasichana kubadilishia nguo. Hatukupata. Najua wengi mlisema, “Si tulisema!” Lakini someni sababu. Mfadhili hakulalamikia usajili, wala katiba, wala akaunti. Alitaja mambo mawili. La kwanza ni kukosekana kwa sera ya ulinzi wa watoto. Kosa hilo ni la Kamati, nalikubali, na sera imeshaandikwa. La pili ni mchango wa chama wenyewe. Ada ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Wanachama 118 wangelipa, tungekusanya 2,832,000. Tumekusanya 1,180,000. Deni ni 1,652,000. Mkaguzi aliyaandika hayo kama yalivyo, mfadhili akayasoma. Aliuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: kama wenye chama hawakichangii, mgeni akichangie kwa nini?

Katika hao waliotusema sana kuhusu ndondo, wengi majina yao yamo kwenye orodha ya wadaiwa. Sitayasoma hapa. Orodha ipo ubaoni.

Andiko la pili limeshapelekwa, la kiasi kidogo zaidi: mipira, mafunzo ya makocha wawili wa kike na vyoo. Vyoo nimevisisitiza mimi kwa sababu wasichana wetu wa netiboli hulazimika kubisha hodi nyumba za jirani kila mazoezi, na wengine wameacha kuja. Majibu tunayasubiri. Hesabu za mwaka huu zitakaguliwa pia, na gharama yake Kamati imeitenga mapema.

Kuhusu mwakani, tunatarajia kurudi kwenye ndondo hali ikiruhusu. AFCON ya 2027 inakuja kwetu, Kenya na Uganda, na tunaamini macho ya wadhamini yatafika hata mitaani. Suala la uwanja wetu wenyewe tunaendelea kulifuatilia kwa wahusika.

Mhazini amekaa meza ya mlangoni na kitabu cha risiti, na atakuwepo hadi saa nane.

Naomba kuwasilisha.