Gari la kale lisipakiwe melini kabla ya sheria kusomwa

Mhariri,

Naomba nafasi niwasihi wanaohamia ng'ambo na magari yao ya kale ya kifahari wasiyapakie melini kabla ya kuzisoma sheria za nchi wanakokwenda, kwa kuwa umri unaokubalika katika nchi moja huenda usitoshe katika nyingine. Marekani huliondolea masharti ya viwango vyake vya usalama gari lililotimiza miaka 25 tangu kuundwa. Kanada ni miaka 15. Australia ndiyo inayonitia hofu zaidi, maana tangu mwisho wa mwaka 2003 imepiga marufuku kuingiza asbesto, madini yaliyotumika sana katika breki, klachi na gasketi za magari ya zamani, hivyo Jaguar iliyotunzwa kwa miongo kadhaa yaweza kuzuiliwa bandarini na kufunguliwa vipuri kwa gharama ya mwenyewe. Kibali cha kuingiza gari huko, ambacho hutakiwa kupatikana kabla halijasafirishwa, hakithibitishi kwamba halina asbesto. Fundi anayeyajua magari ya aina hiyo alikague mapema, aandike kila kipuri alichobadilisha, na nyaraka hizo, pamoja na hati ya umiliki, zibaki mkononi mwa mwenye gari, zisifungwe ndani ya kontena.

Msomaji wenu