Tupeni watu mia, si asilimia

Mhariri,

Makala yenu kuhusu dawa za kolesteroli kwa wagonjwa wa kisukari ilinikuta nimeacha kidonge changu kwa miezi miwili, nacho nilikiacha baada ya kusoma makala nyingine ya aina hiyo hiyo. Siwaandikii kwa ugomvi. Nilifundisha hesabu kwa miaka 31, na kilichonikera ni hesabu.

Mwandishi wenu anasema statini, yaani hizo dawa za kolesteroli, hupunguza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi kwa asilimia 37. Aya mbili mbele anasema dawa hizo hizo huongeza hatari ya kupata kisukari kwa asilimia 9. Msomaji anaweka 37 upande huu wa mizani na 9 upande ule, kana kwamba anapima unga kwa unga. Asilimia ya nini, lakini? Mwanafunzi asiyeuliza hivyo nilikuwa namkata maksi.

Hiyo 37 naifahamu. Ilitoka kwenye utafiti uitwao CARDS, uliofanyika Uingereza na Ireland na kuchapishwa mwaka 2004. Walishiriki watu 2,838 wenye kisukari cha aina ya pili, wa miaka 40 hadi 75, ambao hawakuwahi kuugua moyo wala kupata kiharusi, ila kila mmoja alikuwa na jambo jingine la kumtia hatarini, kama vile presha au sigara. Nusu walipewa atorvastatini, mojawapo ya statini, ya miligramu 10 kila siku, nusu kidonge kisicho na dawa ndani. Wakafuatiliwa kwa takriban miaka minne. Katika kila watu 100 waliomeza kidonge kitupu, 9 walipatwa na mshtuko wa moyo, kiharusi au balaa jingine la moyo. Katika kila 100 waliomeza dawa, 6. Hao watatu waliookoka kati ya tisa ndio 37 yenu (desimali nimezikata, msinipigie simu).

Watatu katika mia. Kwangu si haba, maana hakuna ajuaye mapema kama yumo kati yao, na hatari ya moyo kwa mwenye kisukari haikomi mwaka wa nne. Lakini ni haki ya mgonjwa kujua pia kwamba 91 wangepita salama hata bila dawa, na 6 walipatwa ingawa waliimeza.

Sasa ile 9. Mwaka 2010 watafiti walijumlisha majaribio 13 yenye watu 91,140, wote wakiwa hawana kisukari walipoanza. Ikaonekana kwamba wakitibiwa watu 255 kwa miaka minne, mmoja zaidi atapata kisukari. Hilo ni onyo la maana kwa mtu ambaye sukari yake inakaribia mpaka. Mimi ninacho tayari! Kunitisha kwamba kidonge kitaniletea kisukari ni kumtahadharisha aliyekwisha kulowa juu ya manyunyu. Kwa sisi tulio nacho swali ni sukari itapanda kiasi gani, na jibu ni kidogo: kwa wastani kama sehemu moja ya kumi ya asilimia kwenye HbA1c, kile kipimo cha sukari ya miezi mitatu. Mwandishi hakulitaja kabisa.

Nije kwenye maumivu ya misuli, maana hayo ndiyo yaliyonifanya niache. Mapaja yaliniuma kiasi cha kupanda ngazi kwa kushika ukuta, na sikubali kuambiwa nilikuwa najidhania tu. Ila upo utafiti mdogo wa mwaka 2020, wa watu 60 waliokwisha kuacha statini kwa sababu ya madhara. Walipewa chupa za mwezi mmoja mmoja: nyingine zenye statini, nyingine zenye vidonge vitupu, nyingine hazina kitu, bila kujua kipi ni kipi kati ya vile vidonge. Kidonge kitupu kiliwaletea asilimia 90 ya dalili walizozipata kwenye statini. (Ndiyo, nami nimetumia asilimia, hapa nimesema ni ya nini.) Maumivu yalikuwa ya kweli. Chanzo chake, kwa sehemu kubwa, hakikuwa dawa.

Haimaanishi dawa haina makali. Misuli kuharibika hadi kuziba figo hutokea, japo ni nadra sana. Statini moja, serivastatini, iliondolewa sokoni mwaka 2001 kwa sababu hiyo. Mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, usisubiri miadi. Zipo pia dawa zisizopatana na statini, mojawapo antibiotiki iitwayo klaritromaisini, na mwanamke anayetarajia kushika mimba lazima amweleze daktari kabla. Haya yangestahili aya nzima pale mlipoweka picha ya parachichi.

Nilipomrudia daktari alisema, "Mama, ungeniuliza kabla ya kuacha." Nikamjibu, "Mwanangu, siku ile uliniambia neno moja tu: meza." Akacheka, kisha akavuta karatasi, na kwa mara ya kwanza tukapiga hesabu yangu mimi: umri, presha, figo, dawa nyingine. Aliyewahi kupata mshtuko wa moyo ana faida kubwa kuliko wale watatu kwa mia. Mzee wa miaka 85 mwenye vidonge tisa kwa siku huenda akaona hiki cha kumi hakimfai, na simlaumu.

Ombi langu kwenu ni dogo. Safari nyingine chapeni vidoti mia, mtie rangi watatu.

Mimi nimeanza tena tangu mwezi uliopita, miligramu 10. Mapaja bado yananiuma ngazini, kama yalivyoniuma ile miezi miwili niliyokaa bila dawa.

Mwalimu mstaafu