Kivuko kiwe pale watoto wanapovukia

Mhariri,

Fedha za njia salama za kwenda shule zikipatikana, mara nyingi huishia kwenye rangi: pundamilia huchorwa mbele ya lango, basi. Kumbe watoto wengi hukatiza mbali na hapo, kwenye uchochoro unaotoka mtaani. Maofisa wa TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini) na walimu wasimame barabarani saa 12 hadi saa 1:30 asubuhi, waweke alama kwenye ramani, ndipo kivuko kijengwe.

Rangi haimpunguzi dereva mwendo. Kivuko kikae juu ya tuta bapa, kimo sentimita 10, upana wa juu mita 4, ili magari yasizidi kilomita 30 kwa saa. Mtoto akigongwa kwa 50, hatari ya kufa hupanda mara kadhaa.

Kwenye njia ya miguu, vigingi viachane mita 1.2: kiti cha magurudumu kitapita, bajaji yenye upana wa mita 1.3 itakwama. Bodaboda watapenya tu. Hao wanahitaji askari wakati wa kuingia na kutoka shule.

Mitaro ndiyo inayosahaulika, nayo inatuumiza sana. Mfuniko wa zege wa sentimita 60 kwa 50, unene 8, una kilo 58 hivi. Watu wawili wanauinua. Ukiwa mzito zaidi hautafunguliwa, taka zitaziba, na masika maji yatawarudisha watoto barabarani.

Kwa waendesha baiskeli, nondo za vichujio vya maji zilale kukingama njia, zisimeze gurudumu.

Msomaji,
Dar es Salaam